Akina Mama Wanne Wanaochelewesha Uwanja

Tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na saluni haijakosa wateja. Mimi ni mzima, ila miguu inawaka moto.

Nimepata kazi kwenye uwanja wa gofu, ila ni ya majaribio. Usicheke: kazi yangu ni kuhimiza watu watembee. Wachezaji huenda wanne wanne, wakipiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha wanahamia shimo linalofuata, hadi yaishe kumi na nane. Kundi moja likizubaa, yote ya nyuma yanasimama. Meneja ameniambia waziwazi kwamba Jumamosi zikiendelea kukwama hivi hadi mwisho wa mwezi, nifungashe virago.

Wanaozubaa nawajua. Ni akina mama wanne wastaafu: mwalimu mkuu, nesi, mhasibu, na mmoja mcheshi ambaye wenzake humwita Kijana kwa sababu ndiye mdogo wao. Wanapiga vizuri, hawapotezi mipira, na kwa kutembea wananishinda. Sasa muda wao unakwenda wapi?

Mwanao

Tarehe 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linanisumbua kwenye ngazi, ila ulimi ni mzima. Barua yako imenichekesha mpaka mteja akaniomba niweke mkasi chini. Wewe uliyekuwa unatafuta soksi ya pili mpaka kengele ya shule inalia, leo unahimiza watu?

Sasa nieleze, maana jambo hili limenikaa kichwani. Nani anaanza kupiga? Mmoja akipiga, wengine wanafanya nini? Hapa saluni anayechelewesha foleni si mwenye nywele nyingi. Ni yule anayekaa kitini ndipo aanze kuwaza anataka mtindo gani. Waangalie vizuri, uniambie. Na huo mpira ukishaingia shimoni, anautoa nani?

Shangazi yako

Tarehe 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama, na wewe natumaini hujambo. Mpira anautoa mwenyewe, kwa kuinama, na nesi akiinama huguna kwa niaba ya wote.

Umepatia. Jumamosi nilijibanza kando nikawatazama. Wanne wamesimama, fimbo mkononi, hakuna anayepiga. "Anza, Mwalimu." "Hapana, anza wewe, mimi nitafuata." "Nitaanzaje mbele ya mkubwa wangu?" Kijana ndiye aliyekuwa tayari, lakini kumtangulia Mwalimu anaona ni utovu wa adabu. Nikawaendea, nikawaeleza kwamba mradi mbele hakuna mtu wa kuumizwa, aliye tayari apige, na huko ndiko kuwaheshimu wanaosubiri nyuma. Wakakubali, na kweli wakafanya.

Na bado wakaachwa. Kati yao na kundi la mbele pangetosha kulima shamba la mahindi. Niliwaendea kila shimo kuwaomba wasogee. Meneja alikuwa barazani, mikono kiunoni, ananitazama. Naogopa, shangazi. Kazi hii naipenda.

Mwanao

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Hapa tunaendelea vizuri, ila wateja wote sasa wananiuliza habari za hao mama.

Hebu tuseme natembea nyuma yako. Umewafikia. Neno la kwanza kinywani mwako ni lipi? Usinifiche, nimekulea mwenyewe. Unamsalimia Mwalimu, anaitikia, anakuuliza wazazi hawajambo. Unamgeukia nesi, anataka kujua umekula nini. Bado wawili. Hakuna mama aliyelelewa vizuri anayeitikia shikamoo huku anatembea. Na umeniandikia kwamba ulikwenda kila shimo.

Mwanangu, anayechelewesha uwanja ni wewe.

Jumamosi hii simama mbali, punga mkono, waonyeshe mbele, nyamaza.

Shangazi yako

Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umekwisha na barua sijaiona. Kama wamekufukuza, mimi ndiye niliyekuponza, na roho haitulii. Jana nilimkata mteja nywele fupi kuliko alivyotaka, akatoka bila kuniaga. Kama unarudi, rudi tu, chumba kipo. Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako

Tarehe 9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Sijafukuzwa, nimethibitishwa. Nilikawia kwa sababu sikujua nikuelezeje.

Jumamosi ya mwisho nilifanya kama ulivyosema. Kwenye shimo la nne nilisimama mbali, nikapunga, nikaonyesha mbele, nikanyamaza. Walinitazama, wakatazamana, wakaondoka. Shangazi, hujaona watu wakitembea. Hakuna tena anza wewe, anza wewe. Mmoja akishusha fimbo, mwingine kishasimama tayari. Walilifikia kundi la mbele, ikawa wao ndio wanaosubiri. Uwanja mzima ulimaliza kabla ya saa sita, na meneja akanipa mkono. Nikasema moyoni, shangazi yangu ni kiboko.

Kisha wakanijia wote wanne, wanahema. Nesi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umefiwa?"

Wao walimwona mtu anayewasalimia kila wiki leo anapunga mkono kama polisi wa barabarani, hasemi neno, wakajua limenipata jambo. Hawakuwa na habari na mchezo. Walikuwa wanaharakisha wamalize waniwahi. "Mimi nilitaka tukate njia," akasema Kijana, "ila Mwalimu hataki mashimo yarukwe."

Tangu nije huku nilidhani nikiumwa hakuna atakayejua. Niliwaeleza kila kitu, kazi, meneja na barua zako, na mhasibu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Wamekata shauri kwamba salamu zote tuziweke mwisho wa mchezo, mezani, kwa kituo. Jumamosi iliyopita walimaliza haraka tena, wakaja kunilalamikia kwamba kundi la mbele linawachelewesha.

Sasa nisaidie, shangazi. Meneja ameitisha kikao cha wasimamizi wote Jumatatu, na anataka nisimame niwafundishe mbinu niliyotumia. Nitaanzaje kumwambia kwamba walidhani nimefiwa?

Mwanao