Mama Mkwe na Kelele Zetu

Kitengela, Jumapili, Agosti 1999

Koo linaniuma kwa kumpigia mama mkwe kelele. Tangu masikio yake yapungue nguvu, nyumba nzima tunamvutia maneno, "Maaamaaa, kuuulaaa!" na yeye anatuangalia tu. Leo mezani, mama mkwe akiwa papo hapo, mume wangu Mutua amesema akili ya mamake imeenda, heri apelekwe Loitokitok kwa dada yake. Nilikasirika.

Jioni nilikaa karibu na mama mkwe nikichambua maharagwe. Nikawa narudia wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, huku nikigonga mdundo kwenye goti lake. Mara nikaona midomo yake inafuata. Maneno yote, tena kila moja mahali pake!

Basi nikajaribu. Sikupaza sauti wala kuvuta maneno. Niliongea kwa mwendo wa kawaida, mkono ukigonga pamoja na maneno: "Mama, utakunywa chai ama uji?"

"Uji," akajibu. "Na umwambie Mutua aache kuniita kama ng'ombe aliyepotea. Ile ya Loitokitok niliisikia. Hiyo hakuivuta."