Mama Neema ndani ya mashua ya Melita

Jumanne, Malta

Kumbe amepanda. Tangu tuvuke Ziwa Tanganyika tukikimbia vita, mke wangu hajakanyaga mashua, na alipotoka kwetu Buffalo, Marekani, aliapa hatapanda.

Leo gatini nilimweleza polepole kwamba Malta ndiyo ile Melita ya Biblia yetu, meli ya Paulo ilipovunjikia, wenyeji wakawawashia wageni moto wa kuota.

"Bon, Mwalimu, unanituliza na habari ya meli kuvunjika?"

"Wote walifika nchi kavu, Mama Neema."

Akanishika mkono, akapanda.

Maji ya ghuba ni maangavu ajabu. Tuliona kivuli cha mashua yetu chini mchangani. Nilitaka kumweleza sababu ya uangavu huo, nikaacha, nikainama nitazame naye. Yeye alitumbukiza mkono majini, hakuutoa mpaka tuliporudi.