Ukuta wa Fundi Bati

Jumamosi, 4 Julai

Vifungo tena. Mashati ya kaki, rundo zima. Nashona nyuma ya duka la Mzee Lalji, pale kwenye mlango wa kuingia uani, kwa sababu hapo kuna mwanga. Kaka Zakayo alimaliza kukunja vitambaa, duka likafungwa, wakaanza kriketi uani: yeye na Mahesh, mtoto wa Mzee.

Ua ni mwembamba. Upande huu madirisha. Upande ule ukuta wa fundi bati, mtu mkali, mpira ukianguka kwake haurudi. Kwa hiyo sheria ni moja tu: mpira ukivuka ukuta, aliyeupiga ametoka, zamu yake imekwisha. Zakayo alifundishwa mchezo hapo tangu alipokuja mjini kutoka kwetu Maragoli. Hajui mahali pengine. Mpira ukija anauzuia kwa gongo, anaulaza miguuni pake, taratibu, kama anayelaza mtoto. Mahesh alirusha mpaka jasho likamtoka. Hakumtoa.

Redio dirishani. Mechi ya Test, nchi kwa nchi, ile inayochezwa siku tano. Mhindi mmoja alikuwa anazuia tu. Mpira baada ya mpira, anazuia. Mahesh akasema watu kama hao ndio wanaorudisha timu nyuma. Hawashindwi, lakini hawashindi pia. Mzee akakasirika. "Wewe kila siku iko haraka. Haraka yako nafika wapi? Natoka mapema, nakuja kunywa chai na mimi!" Tulicheka sote, hata Mahesh.

Mimi niko upande wa Mzee. Mwalimu wetu husema mvumilivu hula mbivu. Ninaamini.

Jumatano, 8 Julai

Baridi na ukungu kutoka Kileleshwa mpaka shuleni. Nilipata hesabu zote isipokuwa moja.

Habari kubwa. Timu ya Mahesh imepungukiwa mtu Jumapili. Zakayo atacheza. Na si hilo tu. Mwezi huu Kapteni wa timu anachagua watakaokwenda kucheza Kampala, kwa treni. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuchaguliwa. Zakayo alishindwa kula ugali. Alikaa akiutazama, anatabasamu.

Baba hakutabasamu. Jumapili ni siku ya Mungu. Walibishana nje ya chumba chetu kwa sauti ya chini, maana nyumba ya mzungu ambaye Baba humpikia iko karibu. Mwishowe Baba akasema: ibada kwanza, halafu mipira yenu.

Jumapili, 12 Julai

Ni usiku sana. Naandika hivyo hivyo.

Tulipotoka kanisani Zakayo alivaa nguo nyeupe za Mahesh. Suruali fupi kidogo. Njiani askari alimsimamisha, akamwuliza ameziiba kwa nani. Alitoa kipande, kitambulisho chake, akaeleza, akaachwa. Uwanjani nilisimama nje ya ua wa miti pamoja na mayaya na wapishi.

Wenzake walitoka mmoja mmoja. Mahesh alipiga mipira mitatu mikubwa, watu wakashangilia, wa nne ukadakwa hewani, naye akatoka. Ikabaki kuokoa mechi tu, kukaa bila kutolewa mpaka giza. Zakayo akakaa. Alizuia mpaka vivuli vya miti vikafika katikati ya uwanja. Hawakumtoa. Mechi ikaisha sare. Mzee Lalji alivua kofia yake akaipunga. Kapteni alimshika Zakayo bega! Nimeona kwa macho yangu.

Nimemwomba Mungu Kampala. Najua ni ombi dogo kwa Mungu.

Alhamisi, 16 Julai

Siwezi kusoma. Mechi moja imebaki kabla ya kuchagua. Baba ameuliza, kama mtu asiyejali, uwanja uko njia gani. Kisha akapiga pasi koti lake la kanisani.

Jumapili, 19 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Baba alikuja. Alisimama karibu nami na koti lake, kofia mkononi, kama yuko ndani ya kanisa. Hajui chochote kuhusu kriketi. Kwa hiyo kila mpira ulipogusa gongo la Zakayo, alipiga makofi.

Mwanzoni ilikuwa vizuri. Lakini leo haikuwa siku ya kukaa. Leo walihitaji mikimbio, ndiyo pointi, michache tu, na muda ulikuwa unakwisha. Zakayo na Mahesh ndio waliokuwa katikati. Mahesh alipiga, akakimbia, akapiga tena. Mpira ulipomfikia Zakayo, ulilala. Baba akapiga makofi. Mwingine, ukalala. Baba makofi. Vijana waliokaa kwenye viti wakaanza kumwiga Baba. Wakapiga makofi pamoja naye, kwa nguvu, wakicheka. "Shabash, babu! Mwimbie alale!" Baba akadhani wamefurahi kama yeye. Akawainulia kofia.

Nilitaka ardhi inimeze.

Mahesh akapaza sauti, "Piga, bwana! Juu! Hapa hakuna ukuta!" Ukaja mpira mmoja laini, wa juu, ambao hata mimi ningeupiga. Nilimwona Zakayo akiinua gongo. Aliliinua kweli. Kisha likashuka lenyewe, na mpira ukakaa miguuni pake.

Muda ukaisha. Sare tena. Leo hakuna aliyevua kofia.

Njiani Baba alisema, "Mbona umenuna? Hawakumtoa." Zakayo alitembea mbele yetu peke yake.

Jumanne, 21 Julai

Mahesh alimwambia leo dukani, na Zakayo ametueleza jioni kwa maneno machache. Hakuchaguliwa. Kapteni anasema yeye ni mwepesi wa kuzuia na mzito wa kushinda, na mtu wa hivyo anaibana timu nzima. Mahesh amechaguliwa. Alimtetea, nadhani. Kisha akamletea habari aliyodhani ni njema: Zakayo anaweza kwenda Kampala hata hivyo. Kubeba mifuko na kutunza vifaa. Atalala daraja la tatu.

Baba aliacha kijiko. "Na wewe unaamini ni uzito wako tu?"

Zakayo akasema, "Baba, mpira ule ulikuwa wa kupiga. Sikuupiga."

"Nakuuliza jambo lingine."

"Najua unachouliza, Baba."

Nimefikiri sana. Ni kweli hakupiga. Ni kweli pia kwamba wako wawili katika timu wanaocheza polepole kuliko yeye, mmoja shemeji wa Kapteni, nao wanakwenda. Mambo yote mawili ni kweli na yote mawili yananiuma, wala sijui lipi linaniuma zaidi.

Amekataa kubeba mifuko. Alisema kwa adabu.

Ijumaa, 24 Julai

Shule imefungwa, kwa hiyo nilikuwa dukani leo pia. Timu iliondoka asubuhi. Mchana Zakayo alitoka uani na gongo, akaniita nimrushie. Sijawahi kurusha. Nilirusha vibaya, chini, pembeni. Akauokota akanirudishia. Nikarusha tena, juu kidogo.

Aliupiga. Sikujua mtu anaweza kupiga hivyo. Ulipaa juu ya kamba ya nguo, ukavuka ukuta, tukasikia unavyogonga mabati upande wa pili, na fundi akitukana mama zetu.

Ulikuwa mzuri. Nilikuwa karibu kushangilia.

Zakayo akasema, "Nimetoka." Akaegemeza gongo ukutani, akarudi ndani kwenye vitambaa.

Nililia kidogo juu ya shati la mtu. Nikafuta.

Jumamosi, 25 Julai

Vifungo. Blauzi za yaya, vifungo vidogo vyeupe, vinateleza.

Gongo sasa linazuia mlango wa ua usijifunge na upepo. Sijui nani aliliweka hapo.

Asubuhi nilimwendea fundi bati, nikamwamkia, nikaomba mpira. Alinitazama, akanipa. Si mkali kama tulivyodhani. Mpira umebonyea upande mmoja. Nimeuweka kapuni, chini ya nyuzi.

Alasiri Mzee Lalji aliwasha redio. Test tena. Yule Mhindi wa kuzuia alikuwa anacheza. Mzee akaita, "Zakayo, kuja sikia! Mtu yako bado iko!"

"Nakunja, Mzee."

Alikuwa anakunja. Kitambaa cha buluu, kona kwa kona. Mzee alingoja. Akapunguza sauti kidogo. Akangoja tena. Alinitazama mimi, nami nikatazama sindano yangu.

Kisha akazima. Yule mtu wa redioni alikuwa bado hajatoka.