Dada Robhi, Nimesema Nilijifundisha Mwenyewe

Dada Robhi,

Shikamoo. Najua aliyekufa haamkiwi, lakini ulipokuwa hai nilikuwa nakupita njiani kama kisiki, kwa hiyo ipokee tu.

Siku hizi mimi ni mwalimu. Cheka, una haki. Mwalimu wa kuchora, shule ya msingi hapa Nyamwaga, mimi Mwita niliyetoka kwenye mashimo ya dhahabu na mvi na goti bovu. Mwalimu mkuu aliona ng'ombe niliyemchora kwenye ukuta wa bucha, akaniambia nije kila Ijumaa. Watoto wananiita Mwalimu Matope, kwa sababu rangi za dukani sina. Natumia udongo mwekundu, majivu na masizi. Vile vyako.

Jana walikuja wageni, viatu vyao havijawahi kuona mavi ya ng'ombe. Wakasimama mbele ya ukuta wa darasa, vichwa wamelaza upande kama kuku anayesikiliza mvua. "Ajabu! Mzee, umejifunzia wapi?" Na mimi, mpumbavu mwenye ndevu, nikavuta shingo: "Nimejifundisha mwenyewe." Wakapiga makofi.

Nyuma yao alikuwepo Ghati. Binti yako, ninayemlea tangu ulipoondoka. Aliniangalia, akafuta mikono kwenye sketi, akatoka. Mpaka sasa hajanisemesha. Chakula ananiwekea kama mgeni asiyependwa.

Basi nianze na wewe.

Kila ukikaribia msimu wa tohara ulikuwa unakanda udongo na samadi, unasiriba nyumba ya mama, halafu unachora kwa vidole ile mistari aliyokuachia. Mimi napita na sururu begani: "Hiyo kazi ya wanawake. Wanaume tunatafuta dhahabu." Dhahabu! Tulikuwa tunafukua kama panya, tukipata punje mbili tunazinywa na kelele juu, kesho tunaomba chumvi kwa wake zetu. Wale ndio niliowaona wana akili.

Halafu ikaja ile tegesha. Unakumbuka, ikisikika tu kwamba mgodi utachukua eneo fulani, watu wanakimbilia kupandisha nyumba za haraka ili walipwe fidia. Nyumba hazina mtu wala panya. Lakini wathamini, wale wanaokadiria fidia, walikuwa wanazikataa, wanaona udongo bado mbichi. Ndiyo nikakumbuka mikono yako. Nikaja kwako mpole kama kondoo: "Dada, nifundishe kusiriba."

Ulifurahi, jamani. Hilo ndilo linaniuma. Ukawaambia majirani mdogo wako ametulia. Ukanishika kiganja: "Taratibu, mura, kijana wangu. Ukuta sio adui yako."

Nikajifunza. Nikaenda Nyamongo, kule mgodini, kuzeesha nyumba za uongo. Masizi juu ya mlango wa jiko. Mafuta ya kichwa pale ambapo mzee angeegemea. Chini kabisa, michoro ya mkaa kama ya mtoto. Mzee ambaye hayupo, mtoto ambaye hajazaliwa! Wenzangu wakanisifu, eti fundi. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yangu ya kwanza, dada. Na ili ziwe nzuri zaidi, nikaweka mistari ya mama.

Ukaja kunitembelea, na ndizi mbivu kichwani. Ukasimama mbele ya ukuta.

"Nani anaishi humu?"

"Hakuna mtu."

"Sasa mistari ya mama inamkaribisha nani?"

Nilicheka, kwa sababu wenzangu walikuwa wanasikia. Ukatua ndizi chini, ukarudi nyumbani. Wathamini nao walipokuja walichungulia jiko, hakuna hata majivu, wakatucheka wakaondoka. Baadaye greda likapita juu ya kila kitu.

Wewe hukusiriba tena. Siku ya msiba watu waliegemea ukuta unaobanduka, wakasema ugonjwa ulikumaliza nguvu. Nikawaacha waamini hivyo, nikala nyama ya msiba. Ulilima mpaka karibu na mwisho, nguvu ulikuwa nazo. Nilichokumaliza ni hamu.

Na jana nikakuibia tena, mbele ya mwanao, kwa makofi ya watu ambao kesho hawanikumbuki.

Ijumaa ijayo nitasimama darasani niwaambie watoto yote, na zile nyumba pia. Watanicheka, watoto wa hapa hawana huruma. Mwalimu mkuu akinifukuza, sawa, bucha bado zina kuta. Lakini nakuahidi, yeyote akiniuliza tena, jina lako litatoka kinywani kabla ya langu.

Ila Ghati hawezi kusubiri Ijumaa, asije akasikia pamoja na kundi. Yuko nje anaosha vyombo, anayagonga masufuria makusudi nisikie. Hasira zako kabisa.

Pumzika, dada. Naweka kalamu chini, natoka nikamwambie.

Mdogo wako,
Mwita