Gari Linalonukia Udi

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Ngamiani nzima wanajua babu yako ana bahati ya magari: tangu ujana sijauziwa bovu hata moja! Bibi yako anakusalimu. Anachechemea jikoni na kunigombeza kama kawaida.

Umeniandikia kuwa Ijumaa unanunua kigari cha mkononi huko Dar, bei nafuu, na ndani kinanukia udi kama chumba cha bi harusi. Mwenzio tangu nisome hayo, chai hainishuki. Leseni yako yenyewe haina hata mwezi.

Nilikuwa na rafiki Usagara, kijana wa majigambo, akanunua pikapu iliyofukizwa vivyo hivyo. Mkewe akamuuliza, "Bwana wee, aliyefukiza anaficha nini?"

Akacheka. "Unalionea wivu gari?"

Kumbe lilikuwa likibeba samaki. Maji ya chumvi yalivuja miaka na miaka, yakala bomba la breki. Siku wanateremka kutoka Amani akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Wakaishia mtaroni.

Basi wewe usinunue kwa pua. Funua zulia utazame kutu, kisha umlaze chini ya gari fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Muuzaji akikataa, ondoka, hata kama rangi ya gari umeipenda.

Nisamehe, Mwanaidi. Huyo rafiki wa Usagara hayupo. Pikapu ilikuwa yangu, na bibi yako anachechemea tangu siku ile. Bahati ya magari sina.

Babu yako