Kamera Mpya na Picha ya Dada Esteria

Mama Dotto, acha kwanza kumenya hivyo viazi usome. Mgosi wangu Rubeni, mume mzima, katuaibisha mchana kweupe.

Mjukuu Sesilia kaja na kamera mpya yenye sura ya zile za zamani: ngozi nyeusi, vidude vya kuzungusha, mlio wa kacha. Ndani haina filamu, ni ya kisasa tupu. Mgosi, aliyepiga picha sokoni ujana wake wote, kuishika tu mgongo ukamnyooka. "Simu wekeni mifukoni. Leo mpiga picha yupo."

Na picha yenyewe ni ya dada Esteria! Esteria huyu ambaye kona za barabara ya kutoka Mombo humtapisha, hajapanda huku kutoka Magoma tangu tulipomzika mama. Tukapangwa. Mgosi akachungulia kitundu chake, anatuona wote. Kacha, kacha, kacha.

Esteria kaenda kupanda basi. Sesilia anafungua kioo cha nyuma ya kamera atazame picha: giza. Zote giza, Mama Dotto. Kifuniko cha lenzi hakikutolewa. Kumbe kile kitundu kina njia yake pembeni, hakipiti kwenye lenzi.

Tukalikimbilia basi. Esteria katoa kichwa dirishani: "Kifuniko nilikiona. Ila shemeji nimkosoeje mbele za watu?"

Mgosi anatweta. "Zamani ningejua wiki ijayo, nikisafisha filamu peke yangu."

Esteria kashuka na mzigo wake. Kasema kesho picha zitapigwa na shemeji yuleyule, kwa kamera ileile, ila kifuniko atakishika yeye.