Majina Mekundu ya Léocadie

Kanyosha, Bujumbura
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mpendwa mpwa wangu Sylvère,

Kabla ya yote naomba kujua u hali gani, wewe, mkeo na watoto, na kama baridi ya huko Kanada imekwisha kuanza. Mimi ni mzima; uniwie radhi kwa mwandiko huu wa kizee. Nambari yako ya simu haipatikani tena, kwa hiyo mkwe wangu Orlane, mke wa mwanangu Gaël, ataipiga picha barua hii na kukutumia kwa kompyuta. Nimemwomba asiichape. Sababu utaiona.

Mpwa wangu, juzi Jumamosi, kanisani, ulisomwa miongoni mwa marehemu.

Nisamehe kwa kukuambia ghafla hivyo. Nimejaribu kulianza jambo hili kwa namna tatu, zote zikawa mbaya zaidi.

Unalikumbuka daftari la sala ambamo mke wangu Léocadie aliandika majina ya ukoo wote. Walio hai hapa nyumbani aliwaandika kwa wino wa buluu. Mtu alipofariki, alimwandika upya kwa wino mwekundu. Nanyi mliokwenda mbali aliwaandika kwa wino uleule mwekundu, akisema ninyi pia ni watu wa kuombewa zaidi. Yeye hakuchanganyikiwa hata siku moja.

Orlane, mwenye duka la kuchapa na fotokopi karibu na bandari, alilichapa daftari hilo mwezi uliopita kabla halijaoza. Alifanya kazi safi: buluu ikabaki buluu, nyekundu ikabaki nyekundu. Kisha katekista Birindwa, akiandaa Misa ya mwaka wa pili tangu Léocadie atutoke, akamwomba orodha ya marehemu. Kompyuta ikaagizwa itoe majina mekundu, nayo ikayatoa yote, kwa utii.

Nilikuwa nimeketi na mama yako, dada yangu Jovithe. Uliposomwa, alisimama.

“Sylvère gani?” akauliza kwa sauti, katikati ya Misa. Kisha akanigeukia: “Mulijua! Mulijua mukanificha!”

Tangu hapo ameketi sakafuni, na majirani wanaingia kumpa pole. Nimemweleza habari za wino hadi koo limekauka. Anajibu, “We Révérien na makaratasi yako! Katekista anaweza kusoma uongo mbele ya altare?”

Orlane alilia sana. “Baba, mi niliandika rangi tu. Sikuandika mutu ni nani.”

Maneno hayo ni kweli. Mimi, niliyefundishwa na Mapadri kupiga mistari minyoofu na kubadili wino kwa heshima, nilidhani rangi inajieleza yenyewe.

Jana tulianza upya. Sasa kabla ya kila jina Orlane anaandika, ndani ya vialama vya kompyuta ambavyo msomaji havioni, mtu mwenyewe ni nani: mkazi, marehemu au msafiri. Rangi itakuja baadaye, na hata ikibadilishwa haitamwua mtu. Wewe ni msafiri. Nimelikagua neno hilo mara mbili kwa macho yangu.

Kisha tukalifikia jina la Léocadie. Limeandikwa kwa buluu. Aliyekuwa akibadili wino ni yeye, na baada yake hakuna aliyeishika kalamu. Katika orodha ya Misa yake mwenyewe hakusomwa. Nami, mumewe, kwa mshtuko wa jina lako, sikugundua.

“Huyu tuandike nini, Baba?” Orlane aliniuliza taratibu. Nikamwambia aache nafasi tupu kwanza.

Nakusihi, mpigie Gaël simu mara upatapo barua hii. Usiandike, hata neno moja. Mama yako haamini tena kilichoandikwa. Anataka kukusikia ukimwita. Gaël na Orlane wanakusalimu, na Birindwa anakuomba msamaha akiwa ameinamisha kichwa. Wasalimie mkeo na watoto. Mungu akulinde katika nchi hiyo, akurudishe ukitembea kwa miguu yako.

Orlane angali anasubiri neno la kuandika kwa Léocadie. Mama yako akisha kuisikia sauti yako, nitamwambia Orlane aliandike.

Mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuomba radhi,

Révérien